Sivuti, Nawasha Tu: Shisha, Sheria na Uhuru wa Mtu Mzima

Hotuba iliyotolewa katika mdahalo wa wazi mjini Mtwara

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, masheikh, mapadre na wachungaji, walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu, wazee wangu wa Mikindani na Shangani, mama zangu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma ambao nadhani mnaifahamu mada hii kuliko sisi tuliokalishwa meza kuu, nawasalimu nyote kwa heshima na kuwashukuru kwa kuacha shughuli zenu jioni hii.

Nimeombwa nizungumzie mvutano uliopo juu ya shisha, ile tumbaku yenye ladha inayovutwa kwa mpira kupitia chupa ya maji: ipigwe marufuku kwa sababu inadhuru afya, au iachwe kwa sababu mtu mzima ana haki ya kuamua kinachoingia kifuani mwake? Mimi ni bwana afya mstaafu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa nikikagua bucha, migahawa, vyoo vya shule na nyumba za kulala wageni katika mikoa hii miwili ya Kusini, kwa hiyo msitegemee kutoka kwangu hotuba ya daktari bingwa wala ya wakili. Nitasema kama mtu aliyezoea kuingia kwa mlango wa nyuma, maana mgahawa hukaguliwa kuanzia jikoni. Na ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa, nautaja msimamo wangu mapema: naunga mkono biashara ya shisha iondolewe katika kumbi na baa zetu, ila iondolewe kwa sheria iliyoandikwa na kupitishwa na wenye mamlaka ya kuitunga, na mzigo wake awe nao mwenye biashara, usimwangukie kijana aliyekutwa ameshika mpira.

Kabla ya kuwageukia vijana, naomba wazee wenzangu tuwe wakweli. Tumbaku haikuingia Kusini pamoja na shisha. Wamo humu ukumbini waliolelewa na bibi aliyefunga ugoro wake kwenye pindo la kanga, na Wamakonde wamechonga vikopo vya ugoro vyenye vifuniko vya sura za watu ambavyo leo vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Huku pwani tambuu ilitafunwa pamoja na tumbaku, na kiko cha maji kilikuwepo: kifuu cha nazi kilichotiwa maji, digali iliyopachikwa juu yake, na kibakuli cha kuwekea tumbaku na kaa la moto. Ukivuka Tunduru kuelekea Namtumbo na Songea, jirani zetu wa Ruvuma wanalima tumbaku ya biashara na nchi inapata fedha za kigeni kwayo. Kwa hiyo kijana anayetuambia kwamba tunaionea shisha kwa kuwa tu ni starehe ya rika lake ana hoja, na hoja hiyo haijibiwi kwa kumkaripia.

Kilichobadilika ni mazingira. Tumbaku imetiwa utamu, chumba kimefungwa na kuwekewa kiyoyozi na muziki, chombo kimoja kinazungushwa kwa watu wanne watano, na kikao kinachukua saa nzima au zaidi. Bibi aliyenusa ugoro wake hakumnusisha mjukuu aliyekaa naye mkekani.

Tukitazame chombo chenyewe, maana uongo mwingi unaosemwa kuhusu shisha unatokana na watu kutojua kinavyofanya kazi. Chini ipo chupa yenye maji. Juu yake limesimama bomba la chuma, na kileleni mwa bomba hilo kuna kichwa cha udongo kinachotiwa tumbaku iliyokorogwa na asali au molasi, glisirini na ladha ya matunda: tufaha, zabibu, embe, au mnanaa. Tumbaku hiyo hufunikwa kwa karatasi ya alumini iliyotobolewa vitundu vidogo, na juu ya karatasi huwekwa vipande vya mkaa, mara nyingi mkaa wa vifuu, vilivyokwisha kuwa vyekundu. Mvutaji anapofyonza mpira, hewa hupita kwenye mkaa ikapata moto, ikaiunguza tumbaku taratibu, ikashuka na moshi ndani ya bomba na kutoa mapovu majini, kisha moshi ndipo unapomfikia mdomoni ukiwa umepoa na unanukia peremende.

Hapo kwenye kupoa ndipo watu wanapodanganyika. Nimewasikia watu wazima, tena wasomi, wakisema kwamba maji yanachuja sumu. Maji yanaupooza moshi, basi. Lami, metali nzito na gesi zitokanazo na mkaa huendelea na safari yake hadi mapafuni. Kinachopungua kidogo ni nikotini, kwa kuwa sehemu yake huyeyuka majini, na hata hilo halimsaidii mvutaji, kwa sababu mwili uliokwisha kuzoea nikotini hudai kiasi chake kilekile, naye huvuta zaidi na kwa kina zaidi mpaka atosheke. Tena ule ukali unaomfanya mtu anayejaribu sigara kwa mara ya kwanza akohoe na kuitupa haupo hapa. Msichana ambaye asingethubutu kushika sigara mbele za watu, kwa kuona haya na kwa ukali wa moshi wake, anaweza kukaa na shisha jioni nzima bila kukohoa na bila mtu kumshangaa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi kuhusu jambo hili mwaka 2005 na kuyatoa upya mwaka 2015. Kwa mujibu wa maelezo hayo, kikao kimoja cha shisha huchukua kati ya dakika 20 na 80, na mvutaji hufyonza kati ya mara 50 na 200, wakati sigara moja humalizika kwa kufyonzwa mara 8 hadi 12. Kila fyonzo la shisha ni kubwa kuliko la sigara, kwa sababu mtu hulazimika kuivuta hewa kupitia majini kwa nguvu za kifua. Ukijumlisha, mvutaji wa shisha anaweza kuvuta katika kikao kimoja moshi mwingi sawa na wa mtu aliyevuta sigara 100 au zaidi. Hesabu hii hutajwa sana, na mara nyingi hutajwa vibaya, kwa hiyo naomba tuielewe: inahusu wingi wa moshi unaoingia kifuani, haina maana kwamba kila sumu iliyomo katika sigara 100 imo humo kwa kipimo kilekile. Anayeitia chumvi takwimu hiyo huwapa vijana sababu ya kutoamini na mengine yaliyo kweli.

Sasa nije kwenye mkaa, ambao kwa maoni yangu ndio unaostahili kuzungumzwa zaidi na ndio unaosahauliwa zaidi. Wenzetu wa Newala na Tandahimba, kule juu uwandani ambako baridi ya mwezi wa sita na wa saba inauma, hawahitaji kufundishwa hatari ya kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Gesi inayoua hapo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inashikamana na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka huku haina cha kuupa ubongo na moyo. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Vijana wangu, ile hali mnayoisifu kwamba shisha imekupanda kichwani, sehemu yake ni nikotini na sehemu yake ni gesi hiyohiyo ya jiko. Madaktari katika nchi mbalimbali wamepokea watu waliozimia kwenye kumbi za shisha, na walipopimwa damu ikaonekana imejaa kaboni monoksaidi.

Ndiyo maana sishawishiki na zile shisha zinazotangazwa kuwa ni za mitishamba, zisizo na tumbaku. Nakubali kwamba nikotini haimo. Mkaa umo, moshi umo, lami imo, na kaboni monoksaidi imo kama kawaida. Mwenye ukumbi akiniambia kwamba yake ni ya mitishamba, swali langu la kwanza ni moja tu: unaiwasha kwa kitu gani?

Kuhusu kuchangia mpira nitasema kwa ufupi, ingawa ndilo jambo ambalo bwana afya angetaka kulizungumza usiku kucha. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kile kidomo cha plastiki kinachobadilishwa kwa kila mteja kinalinda midomo tu, na ndani ya mpira kunabaki unyevunyevu na mate ya waliotangulia, katika kitu kirefu ambacho hakipitishiki brashi. Magonjwa ya muda mrefu mnayajua, kwa kuwa ni yaleyale ya tumbaku: saratani ya mapafu, maradhi ya njia ya hewa, maradhi ya fizi, na kwa mama mjamzito, uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu.

Niruhusuni sasa niwasimulie nilichokiona. Ulikuwa msimu wa korosho, minada imeshaanza, malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima, na mji umechangamka kama mnavyoujua ukichangamka. Mwenye ukumbi mmoja, ambaye tunafahamiana, aliniomba nikamshauri kuhusu karo la jikoni lililokuwa linarudisha maji. Nilikuwa nimekwisha staafu, sikuwa na mamlaka yoyote, nilikwenda kama jirani. Nyuma ya jiko, kwenye ujia mwembamba uliofunikwa kwa bati, alikuwepo kijana mmoja, kwa kumkadiria hajafika miaka ishirini na miwili, ameinama juu ya seredani ya mkaa. Alikuwa anachukua makaa kwa koleo, anayapanga juu ya kichwa cha shisha, kisha anaweka mpira mdomoni mwake na kuvuta kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mara nyingi, mpaka moshi utoke mweupe na mzito. Ndipo anaufuta mdomo wa mpira, anachomeka kidomo kipya na kuipeleka mezani. Anarudi, anaanza nyingine. Mteja akilalamika kwamba moto umefifia, anaitwa tena, anabadilisha makaa na kuvuta tena.

Nikamuuliza, "Mjomba, na wewe unavuta?"

Akanijibu bila hata kuinua macho, "Sivuti babu, mie nawasha tu."

Nikamuuliza kama kichwa hakimuumi. Akasema ikifika saa sita za usiku kinagonga, lakini anakunywa maziwa. Maziwa, Mheshimiwa Mwenyekiti, yanakwenda tumboni. Hayana njia ya kufika mapafuni wala ya kuiondoa gesi iliyokwisha kushika damu. Kijana yule alikuwa anawasha kila shisha iliyotoka usiku huo, kwa meza zote za ukumbi, na kesho yake angerudi kufanya hivyohivyo, na hakuna daftari lolote la wavutaji ambalo jina lake lingeandikwa, kwa kuwa yeye mwenyewe anaamini kwamba havuti.

Tangu siku hiyo, nikisikia mjadala wa shisha na uhuru wa mtu binafsi, swali langu huwa ni uhuru wa nani. Mteja aliyekaa kwenye kochi amechagua, sawa. Ana fedha yake, ana umri wake, anaweza kusimama na kuondoka wakati wowote apendao. Yule wa kwenye ujia amechagua nini? Amechagua kazi badala ya kukaa kijiweni. Na wasichana wanaopeleka vinywaji ndani ya chumba kilichojaa moshi wa makaa, nao wamechagua nini? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi dhidi ya madhara yatokanayo na kazi. Hatujawahi kukubali kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha saruji avute vumbi bila kinga kwa sababu wateja wanapenda saruji. Sioni kwa nini baa iwe na kanuni tofauti.

Hata hivyo hoja ya uhuru si ya kudharauliwa, na wapo wenzangu wanaoidharau mno. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuwa huru katika Ibara ya 15, inalinda faragha ya nafsi yake na maskani yake katika Ibara ya 16, na inampa haki ya kufanya kazi katika Ibara ya 22. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 30, inasema kwamba haki hizo zisitumiwe kwa namna inayoingilia haki za wengine au maslahi ya umma, na inaruhusu zitungwe sheria kwa ajili ya mambo kadhaa, likiwemo la afya ya jamii. Naomba tusikilize vizuri inavyosema: zitungwe sheria. Uhuru wa Mtanzania unaweza kuwekewa mipaka na sheria, na sheria ina namna yake ya kutungwa, ina mahali pa kusomwa, na ina mahakama ya kuipima. Kauli ya kiongozi, hata ikiwa njema kiasi gani, haina sifa hizo.

Na hapa ndipo tulipoteleza. Mwaka 2016 Mheshimiwa Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, naye ni mwenzetu wa Ruangwa hapo Lindi, alitangaza kupiga marufuku shisha nchini na kuwaagiza viongozi wa mikoa wasimamie. Nia ilikuwa njema, na mimi binafsi nilifurahi. Kilichofuata mnakijua. Chupa zilifichwa kwa muda, kisha zikarejea, kwanza vyumba vya nyuma, halafu vya mbele. Msako ukija, wanaokamatwa ni wateja na wahudumu, huku mwenye ukumbi yuko nyumbani kwake amelala. Na penye katazo lisiloeleweka mwisho wake huota mtu wa kupokea kitu kidogo ili asione. Sisemi hayo kwa kumlenga yeyote. Nimefanya kazi ya ukaguzi, najua katazo lenye utata linavyomlisha mkaguzi asiye mwaminifu.

Majirani zetu wanatupa funzo zuri zaidi kuliko maneno yangu. Kenya ilipiga marufuku shisha mwezi Desemba 2017 kwa kanuni zilizotolewa na Waziri wa Afya. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikakataa ombi lao na kuiacha marufuku isimame, lakini ikamtaka Waziri azirekebishe kasoro za utaratibu katika kanuni hizo. Mwezi Januari 2024, mahakama ya Shanzu kule Mombasa iliwaachia watu kadhaa walioshtakiwa kwa shisha, kwa sababu kanuni zile hazikuwa zimepelekwa Bungeni kama sheria inavyotaka. Hakimu hakusema kwamba shisha haina madhara. Alisema kwamba aliyekataza hakufuata njia. Uganda wao walipita njia nyingine: Bunge lao lilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, ikaanza kutumika mwaka 2016, ikakataza shisha moja kwa moja na kuweka umri wa kuuziwa tumbaku kuwa miaka 21. Kampuni kubwa ya sigara iliishtaki sheria hiyo kwenye Mahakama ya Katiba na mwaka 2019 ikashindwa. Rwanda nayo ilikataza mwishoni mwa mwaka 2017. Anayesema kwamba marufuku haiwezekani Afrika Mashariki hajatazama pembeni, na anayesema kwamba inatosha kutamka, naye hajatazama.

Wapo watakaosema sheria ikiwa kali vya kutosha watu wataogopa. Katika karne ya 17 Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya alikataza tumbaku kwa adhabu ya kifo, na watu waliuawa kweli. Leo Uturuki ni moja ya nchi ambazo tumbaku na kiko cha maji vimezoeleka zaidi duniani. Ukali peke yake haumwachishi mtu starehe yake.

Sasa nizijibu hoja tatu ambazo najua zitatoka kwenu, maana mbili kati yake nimezisikia zikinong'onwa huko nyuma tangu nilipoanza.

Ya kwanza ni kwamba sigara inauzwa kila kioski, tena moja moja, na pombe inauzwa kila mtaa, kwa nini shisha pekee? Nakiri kwamba hapa kuna undumilakuwili. Lakini ziko tofauti. Sheria yetu ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na pakiti ya sigara ina onyo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analisoma. Shisha inapofika mezani haina pakiti. Pakiti imebaki jikoni, pengine imetupwa, na mteja anaona chupa ya kioo inayong'aa, taa za rangi na harufu ya zabibu. Mtu hawezi kusemwa kwamba ameamua kwa hiari yake ikiwa habari anayoihitaji ili aamue imefichwa nyuma ya kaunta. Na kama undumilakuwili huo unawakera, kama unavyonikera mimi, tusaidiane kuzibana na hizo sigara za moja moja zinazouzwa mbele ya shule.

Ya pili ni ajira. Nimeifikiria hii kwa uzito, kwa kuwa yule kijana wa kwenye ujia ndiye wa kwanza atakayeambiwa asirudi kazini. Hata hivyo kumbi hizi zinauza chakula, vinywaji na muziki, na zilikuwa zikiuza hivyo kabla ya shisha. Mji huu una bahari, una pweza na ngisi, una korosho za kukaanga ambazo mgeni analipia kwa furaha. Mwenye ukumbi anayedai kwamba bila shisha atafunga, namshauri aajiri mpishi mzuri.

Ya tatu ni ya dini, na hii nawaachia wenyewe. Masheikh na wachungaji waliopo watasema na waumini wao kwa lugha yao. Sheria ya nchi inawahusu wote, wanaoswali na wasioswali, kwa hiyo ni vizuri isimame juu ya ushahidi wa afya ambao kila mmoja anaweza kuupima.

Nini kifanyike, basi? Kitaifa, tunahitaji Bunge liitazame upya ile sheria ya tumbaku ya mwaka 2003, ambayo ilitungwa kabla shisha haijazagaa kwenye kumbi zetu, na iitaje shisha kwa jina lake, ya tumbaku na ile inayoitwa ya mitishamba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Ibara ya 8 ya mkataba huo inatutaka tuwalinde watu na moshi wa tumbaku mahali pa kazi na mahali pa umma palipofungwa. Hilo ni deni tulilojiwekea wenyewe kwa saini yetu.

Lakini Dodoma ni mbali na mimi si mbunge. Hapa ukumbini wapo madiwani, na nina maneno nao. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaipa Manispaa ya Mtwara-Mikindani uwezo wa kutunga sheria ndogo, na wenzetu wa Lindi wanao uwezo huohuo. Naomba iandaliwe sheria ndogo inayokataza kuandaa, kuwasha na kuuza shisha katika jengo lolote lenye leseni ya biashara. Adhabu iwe juu ya leseni: onyo, faini, kisha kufungiwa. Mhudumu asishtakiwe, na mteja asipakiwe kwenye gari la msako. Aambiwe alipe chakula chake aende zake. Wenye kumbi wapewe miezi ya kutosha kumaliza mali waliyokwisha kununua, na wahudumu waliokuwa wanawasha wapimwe vifua katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula kwa gharama za mwajiri.

Mwenyekiti aliniuliza kabla hatujaanza, na mtu anayevuta nyumbani kwake je? Huyo mimi simgusi. Nyumba ya mtu ni yake, na sitaki kuishi katika mji ambao bwana afya anachungulia dirishani kutafuta harufu ya tufaha. Nitakachomwomba ni afungue madirisha, na asivute karibu na mkewe mjamzito na watoto wake, na ombi hilo nitalipeleka kwa adabu, kwa kubisha hodi.

Rasimu ya sheria ndogo hubandikwa kwenye mbao za matangazo ili wananchi watoe maoni na pingamizi kabla ya Baraza la Madiwani kuijadili, kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana kuidhinishwa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Itakapobandikwa, nawaomba wenye kumbi muwe wa kwanza kuandika pingamizi zenu, kwa majina na kwa sababu, na ninyi vijana mnaoamini kwamba uhuru wenu unaguswa muandike pia, hata kwa mkono, hata kwa mistari mitatu. Na madiwani, mtakapoita watu wa kuwasikiliza, tafadhali msiishie kwa wenye leseni. Waiteni na wale wanaowasha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.